Ile Malaria ya 2013

Anti yangu husema ameugua malaria kali mara mbili tangu awe mtu mzima. Ya pili niliiona kwa macho yangu, na haikuwa malaria. Ya kwanza sikuwepo, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Nianze na ile niliyoiona. Ilikuwa Machi 2021, Umoja, ghorofa ya nne, nyumba ya vyumba viwili. Mimi nilikuwa nimeachana na chuo mwaka wa tatu, digrii ya historia imebaki nusu, karo imenishinda, na kochi la Anti ndilo lilikuwa anwani yangu. Anti alikuwa ametoka Mombasa kwa matanga, Kisauni, akakaa huko wiki mbili. Siku nne baada ya kurudi akaamka na homa ya kutetemeka, macho yanauma kwa nyuma, mifupa anasema ni kama imepigwa na nyundo. Mwaka ule kila mtu akikohoa au akipata joto jibu lilikuwa moja. Tukaenda tukapima corona. Hakuna. Basi tukashuka kwa kliniki ya mtaani, ile ya mlango wa chuma na pazia la kijani, akatobolewa kidole, na dakika kumi na tano baadaye jamaa wa koti jeupe akatoka na karatasi.

"Ni malaria, mum. Na taifodi kidogo."

Nani hajawahi kuambiwa ana taifodi kidogo? Mtaani hayo magonjwa mawili hutembea pamoja kama chapati na madondo. Hakuna aliyeuliza malaria imepatikana vipi, ingawa Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na mbu wa malaria hapa hana kazi kubwa. Jibu la haraka lingekuwa: si ametoka Pwani? Kweli, ametoka Pwani. Lakini Pwani ina homa zaidi ya moja. Alipewa vidonge, akadungwa sindano ya maumivu, tukalipa, tukapanda ngazi.

Siku ya tano homa ikashuka. Anti akaoga, akaketi, akaitisha uji. Mimi nikapiga simu ushago kuwaambia amepona. Jioni ile ile tumbo likaanza kumkata, akatapika mara tatu, akipiga mswaki sinki ikawa nyekundu, na mikono yake ikawa baridi kama ya mtu aliyetoka kufua asubuhi ya Julai. Homa hakuna kabisa. Ningejua ninachokijua leo, hiyo "homa hakuna" ndiyo ingenitisha zaidi.

Kule hospitali tulikofika kabla ya kafyu, daktari wa zamu alikuwa msichana mdogo, pengine ananizidi miaka miwili tu. Aliwahi kufanya kazi Mombasa. Alimtazama Anti, akamshika mkono, akabonyeza ukucha na kuangalia damu inarudi kwa kasi gani, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine alikuwa ameuliza: "Mama, umetoka Pwani lini?"

Akaagiza hemogramu na kipimo cha dengue. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha lisiendelee kuvuja, zilikuwa 31,000. Kawaida ni kuanzia 150,000. Damu yenyewe ilikuwa nzito kupita kiasi. Asubuhi matokeo ya dengue yakaja na mistari miwili: mmoja wa maambukizi mapya, mwingine wa kingamwili za aina inayobaki mwilini kwa miaka, na huo wa pili ulikuwa umekolea kuliko wa kwanza. Daktari akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mwingine, "Inaonekana hii si mara yake ya kwanza."

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo za Anti, na njiani nikaanza kulitafuta lile neno kwa simu. Mwanafunzi wa historia hata akiacha chuo hawezi kuacha tabia: nikipewa neno, nataka kujua limetoka wapi. Nilitarajia Uhispania, au Asia huko. Nikajikuta Unguja.

Mwaka 1870 kulikuwa na daktari Mskoti Zanzibar anayeitwa James Christie. Kisiwa kilikuwa kimetoka tu kwenye kipindupindu kibaya, na kabla watu hawajapumua ikaingia homa nyingine, ya viungo kukazana na mtu kuanguka ghafla, ikapita nyumba kwa nyumba. Christie hakuijua. Lakini wazee wa mji waliijua. Walimwambia imewahi kuja, zamani, karibu mwaka 1823, na ina jina: kidinga pepo. Kidinga ni kule kukamatwa ghafla na mkazo, pepo, mnajua. Christie akaandika habari zake katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1872, na tangu hapo wasomi wengi wamekuwa wakisema kwamba neno dengue, lililosikika visiwa vya Karibi mwishoni mwa miaka ya 1820, huenda lilivuka bahari kutoka kwetu, likafika kwa wasema Kihispania likabadilishwa kidogo. Hata kamusi zetu zimeendelea kulisogeza: siku hizi utasikia Watanzania wakisema kidingapopo. Pepo amegeuka popo. Sijui popo alikosa nini.

Kinachonishangaza hapo si asili ya neno. Ni wale wazee. Miaka 47 ilikuwa imepita, hawakuwa na darubini wala karatasi ya maabara, na bado waliweza kusema: hii tunaijua, ilikuja enzi zile. Anti wangu alipougua mara ya pili, miaka minane tu ilikuwa imepita tangu mara ya kwanza, na hakukuwa na mtu wala faili la kusema hivyo.

Nisiwapambe wazee kupita kiasi, lakini. Kuna watafiti, kuanzia miaka ya 1970, waliorudi kusoma maelezo ya Christie wakasema maumivu yale ya viungo, yanayokaa miezi, yanafanana zaidi na chikungunya kuliko dengue. Na chikungunya nayo ni ya kwetu kwa jina: ilitambuliwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika, na neno ni la Kimakonde, la kitu kinachomkunja mtu. Hata madaktari walioichunguza waliona inafanana sana na dengue. Kwa hivyo inawezekana kwamba tuliupa ulimwengu jina la dengue kwa ugonjwa ambao haukuwa dengue. Homa za mwambao zimekuwa zikivaliana nguo tangu zamani. Malaria ndiyo iliyokuja baadaye ikavaa zote.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikuonekana kuwa na uzito, kwa sababu dengue ilijulikana kama homa ya kuvunja mifupa inayopita. Unaumia wiki moja, unainuka. Hilo lilibadilika Asia. Manila, 1953 na 1954, watoto walianza kuvuja damu na kufa. Bangkok, 1958, zaidi ya watoto 2,000 wakalazwa na kitu kile kile. Ndani ya hospitali ya watoto ya Bangkok alikuwako daktari anayeitwa Suchitra Nimmannitya, na kama kuna mtu katika habari hii ningependa kumnunulia chai, ni huyo. Aliketi kando ya vitanda miaka na miaka akiangalia kitu kimoja: nani anazidiwa, na lini. Jibu lilikuwa kinyume cha akili ya kila mzazi. Watoto hawakuwa wakizidiwa homa ikiwa juu. Walizidiwa ikishuka.

Homa inaposhuka, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, kwa wagonjwa wachache mishipa ya damu huanza kuvuja. Si damu yenyewe kwanza, ni maji yake. Fikiria uji uliosahauliwa jikoni: maji yakitoka, unaobaki ni mzito. Uzito huo ndio unaopimwa kwa jina la hematokriti. Ukipanda kwa asilimia 20 huku chembe sahani zikianguka chini ya 100,000, unajua mishipa imefunguka na una saa 24 hadi 48 za kumshikilia mtu kwa maji ya mshipani, kwa kipimo, si mengi wala machache. Kazi ya Suchitra na wenzake ndiyo iliyoingia katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1975. Ndani yake kulikuwa hata na kipimo cha kufunga mkanda wa presha mkononi dakika 5 na kuhesabu madoa mekundu yanayojitokeza. Kwa ngozi yetu nyeusi hayo madoa ni kuyatafuta kwa tochi, lakini wazo ni lile lile: kuuliza mwili leo utafanya nini kesho.

Swali lililobaki lilikuwa kwa nini huyu na si yule. Mmarekani Scott Halstead, aliyekuwa Bangkok miaka ya 1960, aliona kwamba wengi wa waliozidiwa walikuwa na kingamwili za dengue ya awali. Virusi vya dengue viko vya aina 4. Ukiugua aina moja unapata kinga yake ya muda mrefu. Ukija kupatwa na aina nyingine baadaye, zile kingamwili za zamani zinaweza kuvishika virusi vipya bila kuviua, na badala yake zikavifungulia mlango wa kuingia kwenye seli. Mlinzi wa zamani anamtambua mwizi nusu, anamkaribisha ndani. Wengi walilipinga wazo hilo. Kisha Cuba ikalithibitisha vibaya: aina ya kwanza ilipita mwaka 1977 bila kelele nyingi, na mwaka 1981 aina ya pili ikaleta wagonjwa zaidi ya 340,000 na vifo 158. Aina ya pili iliporudi Santiago de Cuba mwaka 1997, waliozidiwa walikuwa watu wazima, karibu wote wale walioguswa na aina ya kwanza ujanani. Miaka kama 20 ilikuwa imepita. Damu ilikuwa haijasahau.

Hapo ndipo nilipoacha kusoma kwa udadisi nikaanza kusoma kwa hofu. Kwa sababu Anti aliishi Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi. Aliuza nguo Kongowea. Na mwaka 2013, anasimulia hadi leo, alipatwa na "malaria ya kuvunja mifupa" iliyomlaza siku tisa. Alienda kliniki, akapewa dawa za malaria, akapona, maisha yakaendelea.

Kenya ilikuwa na dengue iliyothibitishwa tangu 1982, Malindi na Kilifi, aina ya pili. Kisha kimya, au tuseme hakuna aliyekuwa akipima. Mwaka 2011 ikalipuka Mandera. Kati ya 2011 na 2014 maabara zilipata aina ya kwanza, ya pili na ya tatu zikizunguka nchini. Yaani hali ile ile ya Cuba, ila bila Cuba kuhesabu.

Mapema 2013 madaktari wa Mombasa waliona wagonjwa wenye homa ambao vipimo vyao vya malaria vilikuwa safi. Watafiti wakaenda nyumba kwa nyumba mtaa wa Tudor, wakachukua damu ya watu 1,500 kutoka nyumba 701. Watu 210 walikuwa na dengue wakati ule au walikuwa wametoka kuipata. Kati ya hao, 93 walikuwa wamepata homa mwezi uliopita, na wengi wao walikuwa wamemwona daktari au mhudumu. Kuna 32 waliosema waliambiwa wanaugua nini. 31 kati yao waliambiwa ni malaria.

Soma tena hesabu hiyo. 31 kati ya 32.

Anti hakuwa Tudor, na damu yake haikuwa ndani ya zile 1,500. Siwezi kuapa kwamba homa yake ya 2013 ilikuwa dengue. Ule mstari uliokolea wa kingamwili hausemi mwaka wala mtaa. Unasema tu kwamba aliwahi. Lakini kama ilikuwa, basi siku ile 2021 alipoingia kliniki ya mlango wa chuma alikuwa mtu wa hatari kubwa zaidi, na karatasi pekee ambayo ingemwonya iliandikwa malaria. Homa ikipewa jina lisilo lake, hauharibiki mwaka ule peke yake. Unaharibika na ule mwingine ambao haujafika.

Miezi michache baada ya Anti kutoka hospitali, Juni 2021, ukachapishwa utafiti ambao ungemfaa. Watafiti walichukua damu ya wagonjwa wa dengue katika siku tatu za kwanza za homa, kabla mtu yeyote hajazidiwa, wakapima viashiria 10 ndani yake, kisha wakalinganisha wagonjwa 281 waliokuja kuzidiwa na 556 ambao homa ilipita salama. Majina yake ni ya kuchosha ulimi, lakini yanaeleweka ukiyapanga kwa kazi. Feritini na wenzake wanaonyesha moto wa uchochezi umefika wapi. Sindikani-1 ni kipande cha utando laini wa sukari uliotandikwa ndani ya mishipa; kikionekana kwa wingi kwenye damu, maana yake mkeka umeanza kung'olewa sakafuni. Angiopoetini-2 inasema kuta zenyewe zinalegea. Kiashiria kimoja kimoja kilisema kitu kidogo. Vikisomwa pamoja vilitabiri vizuri zaidi, na mchanganyiko unaofaa kwa watoto haukuwa sawa na wa watu wazima. Kwa hivyo si ndoto kwamba siku moja kipimo cha kidole kitamwambia mtu siku ya pili: wewe rudi nyumbani na paracetamol, wewe usitoke hapa.

Damu hiyo ilitoka Vietnam, Cambodia, Malaysia na El Salvador. Afrika haimo. Vitabu vilizoea kusema dengue kali haiwapati sana watu weusi, na kuna ushahidi fulani wa Cuba nyuma ya kauli hiyo. Lakini bana, bara linaloandika malaria kwenye kila homa litajuaje dengue kali ni ngapi? Dar es Salaam ilikuwa na mlipuko mkubwa 2014, na mwingine 2019 wa wagonjwa zaidi ya 6,000, na hao ni wale waliopimwa.

Halafu kuna moyo. Siku ya nane, tayari chembe sahani zinapanda na Anti analalamika kuhusu chakula cha hospitali (dalili nzuri kuliko zote), mapigo yake yakashuka hadi 44 kwa dakika. Akisimama anaona giza. Yule daktari mdogo akampima umeme wa moyo na kuagiza troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ukiumia. Bei ya kipimo hicho ilikuwa karibu nusu ya kodi yetu ya mwezi. Tuliilipa kwa kuchangisha kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp. Ilikuwa juu kidogo. Virusi vya dengue, au pengine vita vya mwili dhidi yake, vinaweza kuugusa moyo, na mara nyingi unapiga polepole wakati wa kupona halafu unajirudi wenyewe. Mara chache hauvumilii, na mgonjwa akijazwa maji mengi mshipani wakati moyo umechoka, maji yale ya kumwokoa yanamzamisha. Ndiyo maana wanaotafuta viashiria siku hizi wanaitazama troponini, na ile homoni moyo hutoa ukinyooshwa kupita kiasi, sambamba na vile vya mishipa. Anti alitoka siku ya kumi na moja. Baada ya wiki sita moyo wake ulikuwa sawa.

Ile sindano ya maumivu aliyodungwa mtaani? Sikuuliza jina lake, na hayakuandikwa popote. Dawa za jamii ya ibuprofeni na aspirini hazitakiwi kwa dengue kwa sababu zinaongeza kuvuja damu. Hilo nalo sitalijua.

Mbu wa dengue, Aedes aegypti, si mgeni Nairobi ingawa Pwani ndiko anakojaa. Ana madoa meupe miguuni, anauma mchana, na hapendi mtaro mchafu. Anapenda maji masafi yaliyotulia. Rabai, nyuma ya Mombasa, wanasayansi wamemchunguza tangu miaka ya 1970 kwa sababu pale waliishi jamaa wawili wa mbu huyo karibu karibu: mmoja wa msituni, anayezaliana kwenye mashimo ya miti, na mwingine aliyehamia ndani ya nyumba akazaliana kwenye mitungi ya maji ya kunywa na kupendelea harufu ya binadamu. Nikisoma hayo hutazama balkoni yetu. Maji Umoja huja siku mbili kwa wiki, zikiwa nzuri. Tuna pipa la buluu, mitungi saba ya lita 20, na ndoo ya rangi isiyo na kifuniko. Balkoni ya jirani ni hivyo hivyo, na ya juu yake, hadi ghorofa ya saba.

Aprili iliyopita kijana wa jirani alirudi kutoka Mombasa likizo ya Pasaka akiwa na homa. Mama yake akanigongea, kwa sababu mtaani mimi sasa ndiye "ule msee wa dengue". Tukashuka naye hadi kliniki. Si ile ya mlango wa chuma, hiyo ilifungwa ikawa duka la vipodozi. Nikamwomba jamaa wa maabara hemogramu, leo na tena kesho, na kipimo cha dengue kama kipo.

"Dengue hatuna, boss. Ni ya kutuma, matokeo siku tatu." Akavuta fomu, kalamu tayari. "Niweke malaria na taifodi kwanza?"

Nikamwambia aweke, lakini pale chini, penye nafasi ya maelezo, aandike: ametoka Mombasa, homa siku ya pili, dengue haijapimwa. Akanitazama. Akaandika. Nikaipiga picha ile fomu, nikamtumia mama yake, nikamwambia asiifute.